Kutoka Tabata hadi Pugu: Historia ya Madampo ya Dar es Salaam

Tangu uhuru, taka za Dar es Salaam zimetupwa kwa zamu katika madampo makuu manne: Tabata, Vingunguti, Mtoni na Pugu Kinyamwezi. Kila dampo lilifunguliwa mahali palipohesabiwa kuwa pembezoni, na matatu ya kwanza yakafungwa baada ya makazi kuyazunguka na watu kuchoshwa na moshi, inzi na uvundo. Kilichobadilika kila mara ni mahali. Namna ya kutupa ilibaki karibu ileile: lori linafika, linamwaga, taka zinasukumwa, na moto unawaka wenyewe au unawashwa.

Kabla ya lori na halmashauri, miji ya pwani ilikuwa na jaa. Hapo palitupwa majivu, mifupa, magamba ya kome na vyungu vilivyovunjika. Taka nyingi zilioza au kuliwa na wanyama, na zilizosalia zikawa hazina ya wanaakiolojia. Katika majaa ya kale ya miji ya Kilwa Kisiwani na Shanga, wachimbaji wamepata vigae vya kauri za China, shanga za vioo na mifupa ya samaki, na kwa vitu hivyo wakapanga tarehe za miji na biashara zake. Jaa halikuwa tatizo kubwa kwa sababu watu walikuwa wachache na karibu kila kilichotupwa kilitokana na udongo, mti au mnyama.

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, ikawa makao makuu ya utawala wa Kijerumani mwaka 1891. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliupanga mji kwa rangi za watu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini huko Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya: kuweka umbali kati ya Waafrika na wengine ili magonjwa yasivuke. Huduma za usafi zilifuata mpango huohuo. Mapipa, wafagiaji na mifereji vilianzia Uzunguni, na kadiri mtu alivyokwenda mbali na bahari ndivyo vilivyopungua. Huko Uswahilini familia zilichimba shimo nyuma ya nyumba, zikatupa humo, zikachoma na kufukia.

Baada ya uhuru mwaka 1961 mji ulipanuka kwa kasi. Sensa ya 1967 iliwakuta watu wapatao 270,000. Ya 1988 iliwakuta zaidi ya milioni 1.3. Wakati huohuo chombo kilichopaswa kuzoa taka kilidhoofika. Katika mfumo wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972, halmashauri za miji zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa mikoa. Huduma za mijini zilizorota, hata Serikali ikazirejesha halmashauri mwaka 1978. Halmashauri ya Jiji ilirudi mikono mitupu: vita vya Kagera, upungufu wa mafuta na ukosefu wa vipuri viliyafanya malori mengi ya taka yalale karakana. Vizimba vya taka vilifurika, mitaro ikaziba, na wakazi wengi wakarudia shimo na kiberiti.

Kiasi kidogo kilichozolewa kilipelekwa Tabata. Dampo hilo lilianza katika miaka ya 1960, wakati Tabata ilikuwa mashamba na vichaka. Miaka ilivyopita viwanja vilipimwa, nyumba zikajengwa, na watu wakajikuta wakilala na kuamka katika moshi wa taka. Malalamiko kwa Halmashauri hayakuzaa kitu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walifungua kesi Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo Mahakama ikaiamuru Halmashauri iache kutupa taka hapo.

Amri haikutekelezwa mara moja. Halmashauri ilirudi mahakamani kuomba muda zaidi, ikidai kuwa haikuwa na mahali pengine pa kutupa. Jaji Kahwa Lugakingira aliikatalia. Alishangaa kuona mamlaka ya umma ikiomba mahakama iiruhusu kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaihusisha hoja hiyo na Ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi. Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini ilianza kutumika mahakamani mwaka uleule wa 1988. Hivyo dampo la taka likawa miongoni mwa mambo ya mwanzo yaliyoipima. Kesi ya Tabata hufundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria vya Afrika Mashariki kama chimbuko la haki ya mazingira Tanzania.

Ikiwa imebanwa Tabata, Halmashauri iligeukia Kunduchi Mtongani mwaka 1991. Wakazi mamia kadhaa waliishitaki, na Mahakama Kuu ikawapa haki: eneo lile lilikuwa limetengwa kwa makazi. Ndipo taka zikapelekwa Vingunguti, katika bonde la mto Msimbazi. Sehemu hiyo ilikuwa na watu wengi kuliko Tabata ilivyokuwa mwanzoni, lakini walikuwa watu wa kipato cha chini na mtaa wao haukuwa umepimwa. Maji meusi yaliyochuruzika kutoka kwenye taka yaliteremka hadi mto Msimbazi, ambao tayari ulibeba majitaka ya viwanda na ya mabwawa ya jirani, na ambao kwenye kingo zake watu walilima mchicha wa kuuza sokoni.

Mwaka 1992 jiji, likisaidiwa na Umoja wa Mataifa, lilianzisha mradi wa kupanga upya maendeleo yake, na taka zikawekwa mbele ya orodha. Wahisani walisaidia operesheni ya dharura ya kuondoa marundo yaliyokuwa yamelala mitaani kwa miaka. Kisha ikaja hatua kubwa zaidi: mwaka 1994 uzoaji katika kata za katikati ya jiji ulikabidhiwa kampuni binafsi iliyolipwa kwa ada za wateja wake. Mwaka 1996 Halmashauri ilivunjwa, na jiji likaendeshwa na Tume iliyoongozwa na Charles Keenja hadi mwaka 2000. Tume ilieneza utaratibu wa wakandarasi hadi mitaa ya pembeni, ikiwapa kazi pia vikundi vya vijana na wanawake. Matokeo yalionekana. Mwaka 1994 zilizolewa takriban asilimia 10 ya taka zilizozalishwa. Miaka kumi baadaye, jiji lilipokadiriwa kuzalisha tani zaidi ya 2,400 kwa siku, sehemu iliyozolewa ilifikia kama asilimia 40. Udhaifu wa utaratibu huo ulikuwa malipo. Katika mitaa ya kipato kidogo familia nyingi hazikulipa ada, mkandarasi akapitisha lori mara chache, na kwa kuwa lori halikuonekana, waliokuwa wakilipa nao wakaacha. Katika vichochoro ambamo lori haliingii, kazi ilibaki kwa vijana wa mikokoteni na maguta, ambao baadhi yao walimwaga mzigo katika bonde la karibu usiku ulipoingia.

Uzoaji ulipoongezeka, dampo lilijaa haraka. Malalamiko ya Vingunguti yaliishia pale yalipoishia ya Tabata, na mwaka 2001 dampo hilo likafungwa. Taka zikahamia Mtoni, wilayani Temeke, karibu na mto Kizinga na mikoko yake. Mtoni iliingia katika historia kwa jambo jingine. Taka za vyakula na majani zinapooza bila hewa hutoa methani, gesi inayoshika moto na inayochangia sana joto la dunia. Mradi uliotekelezwa na kampuni ya Kitaliano ulifunika sehemu ya dampo, ukachimba visima vya kuvuta gesi na kuichoma. Huo ndio uliokuwa mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa katika Mfumo wa Maendeleo Safi uliokuwa chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 zamu ilifika Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Nia ilikuwa kujenga dampo la kisasa. Dampo la aina hiyo huwa na sakafu isiyopitisha maji, mabomba ya kukusanya maji machafu, mzani langoni, na taka zake hushindiliwa na kufunikwa kwa udongo kila siku. Kwa sehemu kubwa, Pugu ikaendeshwa kama zilivyoendeshwa zilizotangulia: taka wazi, moto wa mara kwa mara, na barabara inayogeuka tope masika. Umbali nao ulizaa gharama. Lori la Bunju au Mbweni lazima livuke jiji zima kumwaga mzigo, na dizeli ya safari hiyo humlia mkandarasi ada yote. Sehemu ya taka zisizofika Pugu huishia mitaroni na mabondeni. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, yalionyesha jinsi mto uliojaa taka unavyokosa pa kupitisha maji.

Katika madampo yote manne walikuwapo watu wanaoishi kwa kuchambua. Waokota makopo, chupa na vyuma chakavu hutangulia mitaani alfajiri, na wenzao husubiri lori dampo. Wanachookota huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wadogo, kisha kwa wakubwa, hadi kufika viwanda vya kuyeyusha chuma na kusaga plastiki. Muda mrefu urejelezaji wa Dar es Salaam ulibebwa na watu hao, bila glavu wala bima.

Hatari kwao imekua kadiri taka zilivyobadilika. Sindano za hospitali, betri za magari, makopo ya viuatilifu na vifaa vya elektroniki havifanani na maganda ya ndizi, lakini kwa miaka mingi vilimwagwa mahali pamoja. Kisa cha Vikuge, Kibaha, kilionyesha hatari ya taka za aina hiyo: shehena ya viuatilifu iliyoletwa kama msaada katikati ya miaka ya 1980 iliachwa katika banda la wazi hadi ikaharibika, na udongo wa hapo ukakutwa umejaa DDT. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Basel, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi, mwaka 1993, na pia ikaridhia Mkataba wa Bamako wa 1991, ambao nchi za Afrika ziliuandika kuzuia bara lisigeuzwe jaa la viwanda vya ng'ambo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2009 zilitaka taka hatarishi zitengwe, zisafirishwe na ziteketezwe na wenye kibali. Hospitali nyingi zilijenga viteketezi vidogo vya matofali. Mifuko na mabomba ya plastiki yanapochomwa humo kwa joto dogo hutoa dioksini, kemikali zenye sumu, na ndiyo sababu baadhi ya hospitali zimeanza kutumia mashine za mvuke.

Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, taka zilirudi tena mezani kwa wakubwa. Rais John Magufuli aliifuta sherehe ya Uhuru ya 9 Desemba mwaka huo, akaamuru siku hiyo iwe ya usafi, na mwenyewe akaonekana akizoa taka karibu na Ikulu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi nchini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia 1 Juni 2019, miaka 13 baada ya Zanzibar. Huko Mabwepande, Dar es Salaam, kwa ushirikiano na jiji dada la Hamburg, kilijengwa kiwanda cha mboji chenye uwezo wa kupokea tani 50 za taka za sokoni kwa siku, kikiwa jaribio la kuzuia taka zisifike dampo kabisa.

Tani 50 ni chache kwa jiji ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu milioni 5.38, na ambalo taka zake nyingi bado ni mabaki ya vyakula. Hata hivyo, baada ya miongo mitano ya kutafuta mahali pengine pa kutupa, hilo ni miongoni mwa majibu machache yaliyohusu taka zenyewe badala ya kiwanja. Makazi yameshaanza kulizunguka dampo la Pugu Kinyamwezi, kama yalivyolizunguka la Tabata.