Kutoka koroboi hadi betri ya litiumu

Katika nyumba za mbao za Kadutu mama zetu walituonya juu ya mshumaa na koroboi. Leo umeme ukikatika tunawasha simu au taa ya sola. Mwanga umebadilika, hatari ya moto imebaki.

Betri za simu zetu zina litiumu. Miaka ya 1970 watafiti walitumia litiumu tupu. Ilikuwa na nguvu nyingi, lakini ndani ya betri viliota vijiti vidogo, vikaunganisha pande zake mbili na kuwasha moto. Mwaka 1989 betri za namna hiyo za kampuni ya Kanada, Moli Energy, ziliondolewa katika simu huko Japani. Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri salama zaidi, isiyo na litiumu tupu. Ilitumia kobalti, madini ambayo leo Kongo yetu ndiyo inayochimba kwa wingi kuliko nchi zote. Hata hivyo, mwaka 2016 Samsung ililazimika kukusanya simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu zilikuwa zinawaka.

Huko kampuni huwaita wateja warudishe betri mbovu. Sisi tunaonunua betri ya kubahatisha sokoni, nani atatuita? Basi tujilinde. Betri iliyovimba usiichaji tena. Simu isichajiwe juu ya godoro wala chini ya mto. Ndugu mlio kwenye mahema, chajini mchana, mkiwa macho. Ikianza kutoa moshi, watoeni watoto kwanza: moshi wake ni sumu.