Walipoambiwa hawajui kushika simu: historia ya iPhone 4

Katika vijiji vyetu vya milimani kila mtu anajua mahali rezo inapopatikana. Ni kwenye jiwe fulani, chini ya mti fulani, au kule juu kilimani. Mtu akifika pale anainua simu, anaigeuza huku na huku, anahesabu vijiti. Akikosa, wenzake wanamcheka: "Hujui kushika." Kwetu ni mzaha. Lakini mwaka 2010 maneno ya namna hiyo yalitoka kwa kampuni moja kubwa ya Marekani, na wateja hawakucheka.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Simu inazungumza na mnara kwa mawimbi ya redio, na antene ndiyo mdomo na sikio lake. Mwili wa mtu una maji na chumvi, kwa hiyo mkono unameza sehemu ya mawimbi hayo. Simu za zamani zilikuwa na antene iliyotokeza juu, mbali na kiganja. Baadaye watengenezaji wakaificha ndani, kama katika Nokia 3210 ya mwaka 1999. Simu ikapendeza, lakini antene ikasogea karibu na mkono.

Tarehe 24 mwezi wa sita 2010, kampuni ya Apple ilianza kuuza iPhone 4. Safari hii antene haikufichwa: ilikuwa ule ukanda wa chuma unaozunguka simu. Ukanda huo uligawanywa kwa mistari myembamba myeusi. Mmoja ulikuwa chini upande wa kushoto, pale pale ambapo kiganja cha mtu anayeshika simu kwa mkono wa kushoto kinagusa. Kiganja kikifunika mstari ule, kinaunganisha vipande viwili ambavyo vilipaswa kutengana, na rezo inashuka.

Wateja waligundua siku ile ile ya kwanza. Mmoja alimwandikia Steve Jobs, mkuu wa kampuni, naye akajibu kwa kifupi kwamba waepuke kuishika hivyo. Kampuni nayo ikashauri watu wasibane pembe ile, au wanunue kifuniko. Kifuniko cha Apple chenyewe kiliuzwa dola 29.

Mwisho wa mwezi ule tovuti ya AnandTech ilipima na kukuta kwamba ukiibana sana simu hiyo, nguvu ya rezo inaweza kupungua kwa desibeli 24. Maana yake inabaki chini ya sehemu moja ya mia mbili. Karibu na mnara huenda usihisi kitu. Mbali na mnara, maongezi yanakatika.

Tarehe 2 mwezi wa saba Apple ikatoa barua yenye habari ya ajabu: hesabu iliyotumiwa kuonyesha vijiti ilikuwa na kosa tangu iPhone ya kwanza. Mara nyingi simu ilionyesha vijiti viwili zaidi ya ukweli. Yaani mtu aliona vinne mahali palipostahili viwili!

Siku kumi baadaye, gazeti la Consumer Reports, ambalo hununua lenyewe vitu linavyopima, lilisema haliwezi kumshauri mtu kununua simu hiyo. Tarehe 16 Jobs akaita waandishi wa habari. Alikiri kwamba kampuni yake si kamilifu, akaonyesha kwamba simu za wengine nazo hupoteza rezo zikibanwa, kisha akatangaza vifuniko vya bure. Kesi ya wateja huko Marekani iliisha mwaka 2012: dola 15 au kifuniko. Na iPhone 4S, iliyotoka mwezi wa kumi 2011, iliweza kuchagua kati ya antene mbili wakati wa maongezi.

Jobs hakusema uongo kuhusu simu nyingine. Mkono hupunguza rezo ya simu yoyote. Lakini chombo kinatengenezwa kwa ajili ya mkono, si mkono kwa ajili ya chombo. Wateja walioambiwa wamekosea hawakunyamaza, wakapima, na kampuni ikabadilisha kazi yake.

Kwetu jambo hili si la anasa. Mama anayepiga simu usiku kutafuta pikipiki ya kumpeleka mgonjwa hana nafasi ya maongezi kukatika mara tatu. Basi rezo ikiwa dhaifu, legeza kiganja, badilisha mkono, au tumia spika na kuiweka simu juu ya kitu kikavu kisicho cha chuma. Usilinganishe vijiti vyako na vya jirani, kwa sababu kila kampuni inavihesabu kwa namna yake. Na mtu akikuambia hujui kushika, mjibu kwamba hata wenye iPhone waliambiwa hivyo.