Gamba la Rangi Mezani kwa Mkemia

Dereva akigonga na kukimbia, mara nyingi huacha nyuma vipande vya taa na magamba ya rangi yaliyobanduka kwenye bodi. Gamba la milimita moja tu linatosha kwa mkemia wa jinai, kwani anachotafuta ni tabaka zake.

Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa na tabaka nne. Ya chini hushikamana na bati na kuzuia kutu. Ili kuipaka, bodi zima huzamishwa kwenye tangi la rangi na kupitishiwa umeme. Juu yake huja praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho vanishi inayoleta mng'ao. Zote nne kwa pamoja hufikia kama mikromita 100 hadi 150, unene unaokaribiana na wa karatasi ya daftari.

Mkemia hulikata gamba kwa wembe na kuutazama ubavu wake kwa hadubini, sambamba na sampuli iliyotoka kwenye gari linaloshukiwa. Tabaka zikitofautiana kwa idadi au mpangilio, mara nyingi gari hilo huondolewa kwenye uchunguzi papo hapo, bila kuwasha mashine nyingine.

Zikifanana, vipimo huanza na visivyoharibu sampuli. Rangi mbili zisizotofautiana juani huweza kuachana zinapopimwa jinsi zinavyofyonza mwanga. Miale ya infraredi hutambua resini iliyoshikilia rangi: akriliki, alkidi, epoksi au poliurethani. Hadubini ya elektroni yenye kipima eksirei hutaja elementi, kama titani ya rangi nyeupe au bariamu ya vijazio. Kipimo cha mwisho ni kuichoma chembe bila oksijeni na kuchambua mvuke wake kwa kromatografia ya gesi. Kikishafanyika, chembe hiyo haipo tena.

Hata yote yakikubaliana, mkemia makini hatamki kwamba gari ndilo hili. Kiwanda hupaka maelfu ya magari rangi ya aina moja, hivyo kauli sahihi ni kwamba sampuli hazikutofautishwa. Ushahidi hupata uzito gari likishapita gereji. Gari la mtumba kutoka Japani, lililogongwa Nairobi au Dar es Salaam, likapigwa puti, praima na rangi aliyoichanganya fundi kwa macho, huwa na mfuatano wa tabaka ambao ni vigumu kuukuta kwenye gari jingine. Anayekimbilia kupiga rangi upya baada ya ajali naye hajifichi kama anavyodhani: tabaka za zamani zingali chini, isipokuwa zimekwanguliwa hadi kwenye bati.

Pasipo gari la kulinganisha, yapo masjala ya rangi za viwandani. Linalojulikana zaidi ni PDQ la polisi wa shirikisho wa Canada, lenye kusaidia kukisia kampuni, modeli na mwaka wa gari.

Kesi ya muuaji Gary Ridgway wa jimbo la Washington, Marekani, inaonyesha chembe hizi zinavyoweza kufika mbali. Alikamatwa mwaka 2001 kwa ushahidi wa vinasaba, naye alikuwa mpaka rangi katika kiwanda cha malori cha Kenworth. Kwenye nguo za baadhi ya waliouawa zilionekana tufe ndogo mno za rangi ya kupuliza, zenye kemia ya Imron, rangi iliyotumika kiwandani humo. Mwaka 2003 ushahidi huo ulisaidia kumwongezea mashtaka matatu, na Novemba mwaka huo alikiri mauaji ya watu 48.

Kazi yote hii huharibika kirahisi eneo la tukio. Sampuli ya gari huchukuliwa kando ya palipogongwa, hadi kwenye bati, kisha hufungwa ndani ya karatasi iliyokunjwa. Selotepu haifai: gundi yake huingia kwenye vipimo. Kwa hiyo ukifika kwenye ajali ya namna hii, mhudumie majeruhi, lakini usifagie wala kuokota vipande vilivyotapakaa. Viache hapo hapo mpaka polisi wafike.