Mtoto katika daraja la biashara: Mambo ya kujua kabla ya kukata tikiti ya likizo

SAFARI ya ndege ya muda wa saa nane au tisa, usiku kucha, si jambo dogo hata kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, asiyeelewa kwa nini amefungwa mshipi wala kwa nini masikio yanamuuma, huo ni mtihani. Na mtihani huo, kama wazazi wajuavyo, huishia mapajani mwao.

Ndiyo sababu wapo wazazi ambao, baada ya kudunduliza fedha za likizo kwa mwaka mzima au zaidi, hujiuliza: Je, si afadhali tuongeze pesa, tuketi katika daraja la biashara, tulale, na mtoto naye alale?

Swali hilo halina jibu moja. Kwa familia ya kipato cha wastani, tofauti ya nauli yaweza kuwa sawa na karo ya muhula mzima au hata mwaka. Isitoshe, si kila kitu cha bei ghali humfaa mtoto. Makala haya yanaeleza jinsi daraja hilo lilivyo, nauli ya mtoto inavyokadiriwa, na yale ambayo fedha haziwezi kuyanunua.

Lilivyoanza

Daraja la biashara si la zamani sana. Kwa miaka mingi ndege zilikuwa na sehemu mbili tu: daraja la kwanza na la kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mashirika kama vile Pan Am, British Airways na Qantas yalianza kuwatengea sehemu yao abiria wa kikazi waliolipa nauli kamili, ambao hawakufurahia kuketi na watalii waliolipa nauli iliyopunguzwa. Mnamo mwaka 2000, British Airways ilileta katika daraja hilo kiti kinacholala kikawa kitanda, na mashirika mengine yakafuata.

Historia hiyo ina maana kwa mzazi. Daraja hili lilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja anayesafiri peke yake, anayetaka kulala na kufanya kazi bila kusumbuliwa. Halikubuniwa kwa ajili ya familia.

Nafasi zake pia ni chache. Ndege za Boeing 787-8 za Kenya Airways zina viti 234, na kati ya hivyo ni 30 tu vya daraja la biashara. Katika Embraer 190 za shirika hilo, viti ni 96, na 12 ndivyo vya daraja hilo. Kwa hivyo, msimu wa likizo za Agosti na Desemba, familia inayotaka viti vitatu au vinne vya pamoja haina budi kuviwekea nafasi mapema.

Nauli ya mtoto

Katika usafiri wa kimataifa, mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili huhesabiwa kuwa mchanga. Akipakatwa, kwa kawaida hutozwa asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, pamoja na ada na kodi. Mtoto wa miaka miwili hadi 11 ni lazima awe na kiti chake, na punguzo lake hutofautiana kutoka shirika moja hadi jingine. Mengine hayampunguzii chochote.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalitambui ni kwamba asilimia hiyo 10 hukadiriwa kwa nauli ya daraja analoketi mzazi. Tuchukue mfano wa kukisia. Ikiwa tikiti ya kwenda na kurudi ni Sh100,000 katika daraja la kawaida na Sh300,000 katika daraja la biashara, baba, mama na mtoto mchanga watalipa Sh210,000 katika daraja la kawaida, na Sh630,000 katika la biashara. Tofauti ni Sh420,000.

Hata hivyo, ipo njia ya tatu. Wazazi hao wanaweza kubaki katika daraja la kawaida na kumnunulia mtoto kiti chake mwenyewe. Shirika likimpunguzia robo ya nauli, jumla itakuwa Sh275,000. Kwa nyongeza ya Sh65,000, familia inapata safu ya viti vitatu bila mgeni katikati, na mtoto anapata mahali pake pa kulala.

Aidha, tahadhari tatu zinafaa. Kwanza, umri huhesabiwa siku ya kusafiri, si siku ya kukata tikiti. Mtoto akitimiza miaka miwili mkiwa likizoni, atahitaji kiti wakati wa kurudi. Pili, mzazi anayesafiri kwa pointi alizojilimbikizia asidhani kwamba mtoto ataabiri bure, kwani baadhi ya mashirika humtoza mtoto asilimia 10 ya nauli kamili kwa fedha taslimu. Tatu, mashirika mengi siku hizi huwaruhusu abiria wa daraja la kawaida kutoa zabuni ya kupandishwa daraja. Familia ikishinda zabuni hiyo, iulize upya kuhusu viti na kitanda cha mtoto, kwa maana mipango ya awali huenda ikafutika.

Kiti, kitanda na mshipi

Mzazi asidhani kwamba kila daraja la biashara lina kitanda cha mtoto mchanga. Kitanda hicho hufungwa kwenye ukuta ulio mbele ya safu fulani za viti, na katika ndege nyingine kuta hizo zinapatikana katika daraja la kawaida pekee. Kina kikomo cha uzani, ambacho katika mashirika mengi ni kama kilo 10 hivi. Mtoto mnono wa miezi minane huenda akakikosa. Vilevile, taa ya kufunga mishipi ikiwashwa, mtoto ni sharti atolewe na kupakatwa, hata kama ndiyo kwanza amepata usingizi.

Viti vya kisasa vina tatizo jingine. Kadiri vinavyozidi kuwa vya kifahari, ndivyo vinavyozidi kumtenga abiria. Katika ndege nyingi mpya, kila kiti kimezungukwa na kuta fupi, na vingine vina mlango. Mtoto wa miaka mitatu aliyeketishwa katika kijumba hicho haonekani na mzazi wake akiwa amefungwa mshipi. Wenye watoto na watafute viti viwili vya katikati vinavyopakana, ambavyo kizuizi chake huteremshwa.

Suala la usalama ndilo zito zaidi. Mnamo Julai 19, 1989, ndege ya shirika la United, safari nambari 232 kutoka Denver kwenda Chicago nchini Marekani, ilianguka ilipojaribu kutua kwa dharura katika mji wa Sioux City. Ilikuwa na watoto wanne waliopakatwa. Wazazi wao waliambiwa wawalaze sakafuni, kama ilivyokuwa kanuni wakati huo. Mmoja wao alifariki.

Mwaka uliofuata, bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani ilipendekeza kwamba kila mtoto awe na kiti chenye mshipi unaomfaa. Mamlaka ya usafiri wa ndege ya nchi hiyo ilikataa kulifanya pendekezo hilo kuwa sheria, na mwaka 2005 ikashikilia msimamo huo. Hoja yake ni kwamba familia zikilazimishwa kulipia kiti cha ziada, baadhi zitasafiri kwa gari, na barabara huua watu wengi zaidi kuliko ndege. Hata hivyo, mamlaka hiyo yenyewe huwashauri wazazi kumweka mtoto katika kiti chake maalum, kwa kuwa mikono ya mzazi haiwezi kumzuia ndege ikitikiswa ghafla na upepo.

Kinaya ni kwamba kiti hicho maalum huenda kisikubaliwe katika daraja la biashara. Viti vingi vya huko vimewekwa kwa mshazari, au mishipi yake ina mfuko wa hewa unaofumka wakati wa ajali. Mzazi alipie tu baada ya kuliuliza shirika, tena apate jibu kwa maandishi.

Masikio, hewa na dawa

Hewa ndani ya ndege ni ile ile kwa tajiri na maskini. Katika ndege nyingi, msukumo wake hudhibitiwa uwe kama wa mahali palipo futi zisizozidi 8,000, yaani takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Huko ni sawa na kuwa Nyahururu. Katika Boeing 787 kiwango hicho ni futi 6,000, ambacho hakipishani sana na Nairobi.

Kwa sababu hiyo, mtoto huumwa na masikio hasa ndege inaposhuka. Kutua Mombasa, Dubai au London, miji isiyo juu sana ya usawa wa bahari, humsumbua kuliko kutua Nairobi. Dawa yake ni kumfanya ameze mate: anyonyeshwe, apewe chupa, au, kama ni mkubwa, apewe kitu cha kutafuna. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Mtoto aliyelala aamshwe, ingawa moyo wa mzazi utakataa. Mwenye mafua makali au maambukizi ya sikio aonwe na daktari kwanza.

Hewa hiyo pia ni kavu mno, kwa hivyo mtoto anywe maji au anyonye mara nyingi kuliko kawaida.

Wapo wazazi wanaowapa watoto dawa za mzio au za mafua ili walale. Hilo ni jambo la hatari. Dawa aina ya promethazine, kwa mfano, ina onyo kali la mamlaka ya dawa ya Marekani kwamba isipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani yaweza kumzuia kupumua hadi kufa. Dawa nyingine za jamii hiyo humchangamsha mtoto badala ya kumlaza.

Kiti kinacholala nacho kina hatari yake. Mzazi aliyechoka akilala na mtoto mchanga kifuani au ubavuni anaweza kumlalia. Wazazi wakiwa wawili, wapokezane zamu.

Jirani yako

Abiria wa kiti cha pili naye amelipa ili alale. Mgogoro huu si mpya. Mwaka 2011, Malaysia Airlines ilithibitisha kwamba haiwaruhusu watoto wachanga katika daraja la kwanza la ndege zake za Boeing 747, na mjadala mkali ukazuka duniani. Mwaka 2019, Japan Airlines nayo iligonga vichwa vya habari kwa kuonyesha, katika ramani ya viti, mahali walipowekwa watoto wa chini ya miaka miwili.

Mtoto ana haki ya kuwa katika ndege, na kulia si utovu wa adabu. Lakini kuna tofauti baina ya mtoto anayelia na mtoto anayepiga teke kiti cha mbele mzazi akitazama sinema. La kwanza watu huvumilia, la pili ni wajibu wa mzazi. Salamu na tabasamu kwa jirani kabla ndege haijaruka hupunguza mengi. Vitu vya kuchezea vyenye sauti viachwe nyumbani.

Hati na mizigo

Fedha hazifungui mlango wa uhamiaji. Kila mtoto, hata wa mwezi mmoja, anahitaji pasipoti yake. Anayesafiri na mzazi mmoja abebewe cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi wa pili. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia umri wa miezi tisa, na cheti chake huanza kutambuliwa baada ya siku 10. Nchi kama vile Afrika Kusini, India na Thailand hudai cheti hicho kwa wanaotoka Kenya.

Tangu njama ya kulipua ndege iliyotibuliwa nchini Uingereza mwaka 2006, vitu vya majimaji mkobani vimewekewa kikomo cha mililita 100 katika viwanja vingi. Maziwa na dawa za mtoto kwa kawaida huruhusiwa kupita kiasi hicho, mradi mzazi avitoe vikaguliwe. Nepi chafu zifungwe katika mfuko wa kitambaa, kwa maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017.

Je, inafaa?

Kwa safari ya mchana ya saa tano kwenda Dubai, tofauti ya nauli ni vigumu kuitetea. Mtoto wa umri huo hataki kulala mchana kutwa. Anataka kutembea, na njia ya katikati ni ile ile katika madaraja yote.

Kwa safari ya usiku ya saa nane au zaidi, hasa kama mzazi yuko peke yake au mama ni mjamzito, kitanda chaweza kumwezesha kufika akiwa na nguvu za kumlea mtoto siku ya kwanza ya likizo. Wasioweza kulipia kwenda na kurudi wanaweza kulipia mkondo wa usiku pekee, kisha warejee mchana katika daraja la kawaida.

Ila kama fedha ni za kubana, kiti cha ziada cha mtoto ndicho kitangulie. Daraja la biashara humpa mzazi usingizi. Kiti chenye mshipi humlinda mtoto. Na anayejua uchungu wa mwana hatasita kuchagua baina ya mawili hayo.