Bima ya Pikapu Tanzania
Kulinganisha bei za bima ya pikapu mpya ni jambo la juzi tu Tanzania Bara. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa 1963. Mwenye gari hakuwa na pengine pa kuulizia bei. Sheria ya Bima ya 1996 ndiyo iliyofungua mlango kwa kampuni binafsi. Bei anazolinganisha leo hutegemea aina ya bima. Bima ndogo, inayolazimishwa na sheria, hufidia madhara wanayopata watu wengine tu. Bima kubwa, inayolinda pia gari lenyewe, hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, hivyo pikapu mpya huuma mfuko, na ikibeba mizigo kwa kukodiwa huuma zaidi.