Mawe kwenye figo: tafiti zinasema nini kuhusu maji, maziwa na dawa

Mawe kwenye figo ni chembe ngumu za madini zinazojijenga ndani ya figo mkojo unapokuwa mzito. Jiwe likitulia huenda usijue kama unalo. Likishuka na kukwama kwenye mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu, maumivu makali huanza ubavuni na kushuka hadi kinenani. Wengine hutapika, wengine hukojoa damu.

Aliyepata jiwe mara moja anaweza kupata jingine. Je, nini hulizuia lisirudi?

Maji

Mwaka 1996, madaktari wa Parma, Italia, walitoa matokeo ya utafiti wa miaka 5 kwa wagonjwa 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Kundi moja liliagizwa kunywa maji mengi, jingine likaendelea na kawaida yake. Waliokunywa maji mengi, 12 kati ya 99 walipata jiwe tena. Kwa wale wengine, ni 27 kati ya 100.

Lengo ni kukojoa lita 2 hadi 2.5 kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama lita 3 za kunywa, na zaidi ukilima juani, kwa sababu maji mengi hutoka kwa jasho. Mkojo wa njano iliyokolea ni dalili kwamba maji hayatoshi. Nenda shambani na maji yako safi, usisubiri kiu. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo amuulize daktari kwanza.

Maziwa na dagaa

Mawe mengi yana kalsiamu, madini yaliyomo kwenye maziwa na dagaa. Ndiyo maana wagonjwa wengi huambiwa waache vyakula hivyo. Watafiti wa Parma walilipima hilo kwa wanaume 120 waliokuwa wakirudiwa na mawe, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Wanaume 60 walipunguza kalsiamu. Wengine 60 walikula kalsiamu kama kawaida, ila walipunguza chumvi na nyama. Baada ya miaka 5, jiwe lilirudi kwa 23 wa kundi la kwanza, na 12 tu wa kundi la pili.

Sababu ni hii: kalsiamu ya chakula hushikana tumboni na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye spinachi, karanga na chai, kisha hutoka pamoja na choo. Usipokula kalsiamu, oksaleti nyingi huishia kwenye figo. Chumvi nayo huongeza kalsiamu kwenye mkojo. Kwa hiyo kunywa maziwa yako na chakula, punguza chumvi.

Dawa

Jiwe dogo mara nyingi hutoka lenyewe. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2015 kwa watu zaidi ya 1,100 ulipima tamsulosini na nifedipini, dawa zilizotolewa ili kuharakisha jiwe kutoka. Hazikushinda kidonge kisicho na dawa: katika kila kundi, karibu 8 kati ya 10 hawakuhitaji matibabu zaidi ndani ya wiki 4.

Kwa maumivu, utafiti wa Doha, Qatar, wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sindano ya diklofenaki ilituliza vizuri kuliko mofini. Haifai kwa mjamzito wala mwenye figo dhaifu, hivyo mweleze mhudumu hali yako kabla ya kuchomwa.

Usisubiri nyumbani

Maumivu ya ubavu yakija na homa au kutetemeka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Huenda mkojo uliozibwa umeingia maambukizi, nayo yanaweza kusambaa kwenye damu na kuua. Hapo maji mengi au mizizi ya kuchemsha havisaidii. Mkojo lazima ufunguliwe njia. Fanya hivyo pia kama huwezi kukojoa, unatapika kila unachokunywa, una figo moja au ni mjamzito.