Kufungua Chuo Tunajua, Kumaliza Ndio Shida

Wasee, leo tuongee historia. Najua ukisikia neno hilo unakumbuka madaftari ya form two, lakini hii inagusa mfuko wako, kwa hivyo kaa hapo.

Ukitoka KCSE na D+, hii Kenya ina jibu moja tu: "Enda TVET." Shangazi atakwambia, chifu atakwambia, mheshimiwa atakuja kukwambia kwa mazishi ya babu yako. Na mimi sipingi, ufundi unalipa. Kinachonisumbua ni kwamba kwa zaidi ya miaka 70 tumekuwa tukiwaingiza vijana kwenye vyuo vya ufundi kwa shangwe, halafu tunawaacha watoke mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma bila cheti. Akishatoka hivyo, tunamwita mzembe.

Tuanzie Mombasa. Mwaka 1948, wakati wa mkoloni, ilianzishwa taasisi ya kuwafundisha ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki: Mombasa Institute of Muslim Education, ama MIOME kama wazee wa Mombasa wanavyoikumbuka. Pesa zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na mfuko wa maendeleo wa Uingereza. Masomo yakaanza 1951. Ona vile wachangiaji ni wengi na wakubwa. Hiyo ndiyo kawaida yetu tangu zamani: chuo kikijengwa, kila mtu anataka jina lake liwe kwa ukuta.

Uhuru ukaja. Mwaka 1966 MIOME ikageuka kuwa Mombasa Technical Institute, na 1972 ikapanda kuwa Mombasa Polytechnic. Nairobi tayari kulikuwa na Kenya Polytechnic tangu 1961. Lakini vijijini kulikuwa na moto mwingine. Watoto walikuwa wanamaliza shule ya msingi kwa maelfu, nafasi za sekondari ni chache na kazi hakuna. Baraza la makanisa, hilo tunaita NCCK, likatoa ripoti mwaka huohuo wa 1966 likiuliza, kwa ufupi, baada ya shule kuna nini. Kutoka hapo zikazaliwa village polytechnic: useremala, uashi, ushonaji, ufundi wa mabati. Mahali padogo, karibu na nyumbani, karo kidogo. Kijana alitembea kwa miguu kwenda darasani na jioni akarudi kula kwao.

Hiyo sentensi ya mwisho iweke akilini, nitairudia.

Miaka ya mwanzo ya 70 ikaja homa ya vyuo vya teknolojia vya harambee. Zaidi ya kumi vilipangwa nchi nzima. Magharibi kukawa na WECO, Nyeri Kimathi Institute, Kiambu KIST, Rift Valley RVIST. Wananchi wakachanga. Harambee za wakati huo mtu alileta alichonacho: pesa, mbuzi, ama mikono yake. Hao wazee hawakungoja serikali, na kwa hilo nawavulia kofia. Shida ni kwamba harambee inajua kununua mawe na mabati, haijui kumshika mkono mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye baba yake ameachishwa kazi. Hakuna mtu hualikwa kama mgeni wa heshima kuja kulipa nauli ya matatu.

Halafu mambo yakabadilika. Mwaka 1988 serikali ikapitisha sera ya kugawana gharama: mzazi alipe zaidi, serikali ipunguze. HELB ikaundwa kwa sheria ya 1995, lakini kwa miaka mingi mkopo ulikuwa ni stori ya watu wa chuo kikuu. Wa ufundi alijipanga na mathe wake.

Na hapo ndipo tukafanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Vile vyuo bora vya ufundi tukaanza kuvigeuza vyuo vikuu. WECO ikawa Masinde Muliro. Kimathi ikawa Dedan Kimathi University. Mwaka 2007 Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zikafanywa vyuo vikuu vishiriki, na 2013 zikawa Technical University of Kenya na Technical University of Mombasa. Sisemi watu wa huko hawastahili digrii. Nasema ngazi za kati tulizing'oa tukaziweka juu, halafu tukashangaa mbona watu wa chini hawapandi.

Mwaka 2016 ukweli ukatugonga. Mitihani ilikazwa, na waliopata C+ kwenda juu wakawa chini ya 90,000 kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000. Ghafla TVET ikakumbukwa. Kuanzia 2018 hesabu ikawa hivi: karo ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali iliweka 30,000, iliyobaki ilikuwa 26,420, na HELB iliweza kukukopesha hadi 40,000. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, tusijifanye. Vijana walijaa. Mwaka 2023 ikaja mfumo mpya wa kugawa watu kwa makundi kulingana na hali ya familia: huyu apewe msaada kiasi hiki, mkopo kiasi hiki, nyumbani walipe hiki. Ukapelekwa kortini, na Disemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Kelele zote zikawa juu ya karo.

Sasa turudi kwa yule kijana wa village polytechnic aliyetembea kwa miguu. Wewe wa leo chuo kiko mbali na keja. Chukua mfano wa nauli ya 50 kwenda na 50 kurudi. Siku tano kwa wiki, wiki 12 kwa muhula, hiyo ni shilingi 6,000. Mihula mitatu ni 18,000. Linganisha na ile 26,420 ya karo iliyokuwa inabaki. Hiyo 18,000 haiko kwa karatasi yoyote ya karo. Hujakula. Hujanunua buti na ovaroli ya karakana.

Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na watu huniuliza niliamua lini. Sikuamua. Nilikosa wiki moja kwa sababu ya nauli, nikakosa CAT, nikaona aibu kumfuata mwalimu, kisha jina langu likakosa kwa orodha ya mtihani kwa sababu ya deni. Nikasema nitarudi muhula ujao. Muhula ujao ndio huu. Hakuna mtu wa ofisi yoyote aliyewahi kunipigia simu kuuliza niko wapi, isipokuwa wale wa deni.

Ndio maana stori moja ya New York ilinishika. Marekani wana vyuo vya jamii, vya miaka miwili, na wanafunzi wengi ni kama sisi: wanafanya kazi, nyumbani hakuna kitu. Walikuwa wanaingia wengi na kumaliza wachache. Mwaka 2007 chuo kikuu cha jiji hilo, CUNY, kikaanzisha mpango unaoitwa ASAP. Mwanafunzi asome muda wote. Pengo la karo linazibwa. Vitabu anasaidiwa. Ana mshauri mmoja anayemjua kwa jina, ambaye hajabebeshwa mamia ya watu. Na kila mwezi anapewa kadi ya nauli ya treni na basi, bora awe amemwona mshauri wake. Nauli! Walijua.

Wakaupima vizuri, kwa kura: hawa wapate mpango, hawa waendelee kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya wale wa mpango walikuwa wamehitimu, na wale wengine asilimia 22. Kila mwanafunzi aligharimu zaidi ya asilimia 60 juu ya kawaida, na hapo waziri wetu wa fedha angefunga faili. Lakini ukigawanya pesa kwa idadi ya waliomaliza, kila mhitimu alitoka kwa bei ya chini. Vyuo vitatu vya Ohio vikajaribu mpango kama huo, na waliomaliza wakawa karibu mara mbili pia.

Najua utasema hiyo ni Amerika, wao wana doo. Sawa. Lakini mengine hayahitaji doo ya Amerika. Kumpigia simu aliyekosa darasa wiki mbili ni mia moja ya airtime. Kumruhusu mwenye deni afanye mtihani, ushikilie cheti badala ya kumfungia mlango, ni barua moja. Na kila chuo kichapishe idadi mbili kila mwaka: walioingia na waliomaliza. Pesa yetu inafuata walioingia. Ikianza kufuata waliomaliza, utaona vile utatafutwa.

Katiba ya 2010 iliweka village polytechnic mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo mtu akija kwenu kuomba kura na picha za madarasa mapya, usimpigie makofi bado. Muulize swali moja tu: yale ya zamani, waliomaliza ni wangapi?

Na wewe uliyeko ndani sasa hivi, ukikwama, enda umwambie mtu kabla wiki haijaisha. Mimi nilinyamaza.